Gamboshi: Kijiji Tulichokiona

Ndugu zetu wasomaji, hapana shaka wengi wenu mmekwisha kulisikia jina la Gamboshi. Kijana atakaye kumtania mwenziwe kwa mambo ya uchawi humwambia ametoka Gamboshi, na wote huangua kicheko. Husemwa kwamba huko ndiko makao makuu ya wachawi wa nchi nzima. Kwamba mchana huonekana pori tupu, na usiku huibuka mji mkubwa wenye maghorofa na taa kama za miji ya Ulaya. Sisi tukaao Bariadi, kila tunaposafiri na kutaja kwetu, huulizwa kama tumepata kufika huko, na kama tumefika, tumerudije.

Basi tumefika, tumekuwako mchana na usiku, na twapenda kuwaeleza mahali hapo palivyo.

Mkoa wetu wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na makao yake ni mji wa Bariadi. Magharibi liko Ziwa Victoria, mashariki zimetandaa mbuga za Serengeti. Mto ulioupa mkoa jina lake hufurika wakati wa mvua, na kiangazi hubaki mchanga na madimbwi. Nao humwaga maji yake ziwani upande wa Magu. Gamboshi, ambayo serikali huiandika Gambosi, ni kijiji cha wilaya ya Bariadi. Huifikii kwa lami. Njia ni ya udongo, na udongo wenyewe ni ule mweusi ambao mvua ikinyesha hung'ang'ania magurudumu, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingia mkono.

Nchi ni wazi, macho hayazuiwi na kitu. Kuna mashamba ya pamba, mtama, mahindi na viazi. Nyumba haziko bega kwa bega kama za mitaa ya pwani, bali kila kaya imekaa peke yake na zizi lake la ng'ombe, na pengine ua wa minyaa. Ilikuwa mwezi wa Juni, pamba imefunguka, mashamba meupe. Sauti zilikuwa za kengele za ng'ombe na za tetere, na za watoto wakichuma. Tuliswali Magharibi kando ya zizi, giza likaingia. Taa tulizoziona zilikuwa chache, za majumbani, na juu yake nyota. Maghorofa hatukuyaona.

Tuliloliona, na ambalo wasimuliaji wa mji wa usiku hawalitaji, ni moshi. Miti ya kuni ni haba katika nchi hii. Tangu miaka ya 1920 misitu ya Usukuma ilifyekwa ili kumwondoa mbung'o, kisha ikafyekwa tena kupata mashamba ya pamba. Na watu walipokusanywa vijijini mwaka 1974, nyingi katika zile ngitili zao, malisho yaliyofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, ziliachwa bila mlinzi. Kwa hiyo wanawake wengi hupikia mashina makavu ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, ndani ya vijumba visivyo na pa kutolea moshi. Mama mmoja mkongwe alitupokea, tukamwamkia, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Macho yake yalikuwa mekundu kama mtu aliyekesha. Alikuwa akitupikia ugali.

Na macho hayo mekundu, ndugu msomaji, ndiyo watu wa hapa walivyozoea kuyahesabu kuwa alama ya mchawi. Mtoto akifa kwa malaria, jamaa huenda kwa mpiga ramli, naye hutaja jirani mzee mwenye macho mekundu. Na mara nyingine nyuma ya ramli hiyo kuna shamba linalotamaniwa. Kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee, na sehemu kubwa katika nchi ya Wasukuma. Wengi walikatwa mapanga usiku, nyumbani mwao.

Twajua kwamba sihiri imetajwa katika Kurani, wala hatukuja kubishana juu yake. Lakini dini iliyoitaja sihiri ndiyo iliyoharimisha kumwendea kahini, na ndiyo iliyokataza dhana mbaya. Vijana wetu wanaocheka mzaha wa Gamboshi hawamchukii mtu, hilo twalikubali. Ila mzaha huo humfikia pia yule mwenye panga, naye hauchukui kuwa mzaha.

Tangu mwaka 1986, mkoa wa Shinyanga ulipoanza kuihifadhi ardhi yake, ngitili nyingi zimerudishwa, na miti imeota mahali palipokuwa pakavu. Bado haitoshi. Tulipomwuliza yule mama ana haja gani, alitaja mbili tu: mzigo wa kuni kavu, na dirisha la jikoni. Mjukuu wake alikuwa amekwisha kuutoboa ukuta. Ilikuwa imebaki fremu.