Kifaa cha Pili Mkononi



Likelemba yetu ina watu kumi na wawili. Kila mwisho wa mwezi, baada ya mkutano wa Jumapili, kila mmoja wetu hutoa dola 10, na dola 120 huingia mkononi mwa yule aliyefikiwa na zamu. Tangu mwanzo tulikuwa na sheria moja tu: mtu asiulizwe atazifanyia nini fedha zake. Ilikuwa sheria ya heshima, nasi tuliipenda. Lakini mwishoni mwa mwaka juzi zamu mbili zilifuatana ambazo zilitulazimisha kuitafakari upya. Tunawasimulia jinsi ilivyokuwa, kwa sababu tunajua kwamba katika parokia nyingi za Kisangani vijana wanajiuliza neno lile lile: mtu aliye na simu nzuri, je, ana haja tena ya tableti, ana haja tena ya saa janja?

Zamu ya Novemba ilikuwa ya ndugu yetu mmoja anayeendesha pikipiki ya abiria. Alinunua viatu, akalipa deni dogo, na kwa dola 30 akanunua saa janja nyeusi yenye kioo king'aacho. Zamu ya Desemba ilikuwa ya dada yetu aliyekuwa akiandika kazi yake ya mwisho chuoni. Yeye alitia dola zote 120 katika tableti ya inchi 10, tena iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Siku ile wengi wetu tuliisifu saa na kuionea mashaka tableti. Saa ilikuwa ndogo, ya bei nafuu, ya kupendeza; tableti ilionekana kuwa simu iliyonenepa bila sababu.

Kwetu kila hesabu ya vifaa huanzia kwenye umeme, kwa hiyo nasi tuanzie hapo. Mji wetu una watu zaidi ya milioni moja, na umeme wake hutoka hasa katika bwawa la mto Tshopo, lililojengwa zamani za ukoloni, katika miaka ya 1950. Mashine zake ni tatu, nazo zote kwa pamoja hazifiki megawati 20. Na ni nani kati yetu anayekumbuka mwezi ambao zote tatu zilifanya kazi bila kupumzika? Kwa hiyo komini hupokea umeme kwa zamu, kama sisi tunavyopokea likelemba, isipokuwa zamu hizi hazina tarehe. Mtu hubeba simu yake mpaka kwa mwenye jenereta, akaacha faranga 500, akarudi jioni. Tableti humgharimu mara mbili, kwa maana betri yake ni kubwa na hukalia tundu la umeme muda mrefu. Saa nayo ina waya wake wa pekee, usiofanana na wa simu, na ukipotea hakuna anayeuuza. Kila kioo ni kinywa kinachodai kulishwa. Jambo la kuchekesha ni kwamba saa za bei ndogo hukaa siku tano au hata saba bila kuchajiwa, huku zile za fahari, kama za Apple, zikiomba chakula karibu kila siku, na zaidi ya hayo zikakataa kufanya kazi na simu isiyo iPhone.

Wakubwa wetu wangeongeza habari ya ushuru wa RAM, ulioanza mwaka 2020 na kufutwa mwaka 2022 baada ya malalamiko mengi: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au zaidi, dola 1 kwa ile ya 2G, zikikatwa kidogo kidogo kwenye salio. Umekwisha, tushukuru. Lakini ulitufundisha kwamba bei ya kifaa si ile tu tunayolipa sokoni.

Sasa tuje kwenye saa, ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike.

Siku ya Bonane ndugu yetu alimfunga mama yake saa ile mkononi. Mama ana ugonjwa wa presha tangu miaka kadhaa. Kila mwezi alikuwa akienda kituo cha afya, na kila siku alikuwa akimeza kidonge. Saa ilikuwa na alama ya moyo mwekundu. Ukiigusa, inawaka taa ya kijani chini yake, na baada ya nusu dakika inaandika mapigo ya moyo, tena inaandika presha: 118 kwa 76, 121 kwa 79, 119 kwa 78. Kila asubuhi namba nzuri. Mama alituonyesha baada ya Misa, akicheka, nasi tulimpigia makofi. Yafaa tuliseme hili bila kulificha: tulimpigia makofi sisi sote, pamoja na yule kati yetu anayejifunza uuguzi.

Mwisho wa Januari aliacha kwenda kupimwa. Mwezi wa Februari vidonge vilipokwisha, hakununua vingine. Fedha ile alinunulia makayabo na mafuta, kwa kuwa saa ilikuwa imemwambia kwamba amepona. Mwezi wa Machi, akiwa sokoni, kichwa kilimuuma ghafula, mdomo ukapinda upande mmoja, na ndizi alizozishika zikaanguka. Walimpeleka hospitali kwa pikipiki, mtoto wake mwenyewe akiendesha na mwanamke mwingine akimshikilia kwa nyuma. Pale walimpima kwa mashine ya kufunga mkononi: 210 kwa 120. Saa, iliyokuwa bado kwenye mkono wa pili, ilisema 120 kwa 77.

Mama hakufa. Mkono wake wa kuume umebaki dhaifu, na maneno mengine humchelewa mdomoni.

Baadaye, katika uchungu na udadisi, tulifanya jaribio ambalo tungalipaswa kulifanya siku ya Bonane. Tuliifunga saa kwenye ndizi, moja ya zile zilizokuwa zikingoja kupikwa lituma, tukagusa alama ya moyo. Ndizi ilikuwa na mapigo 74 kwa dakika na presha 117 kwa 75. Ndugu yetu alitoka nje, akakaa muda mrefu peke yake.

Mwanauuguzi wetu alitueleza, naye alikuwa na aibu. Mashine ya kweli ya presha hubana mkono mpaka damu isimame, kisha hulegeza na kutambua damu inaporudi. Kwa hiyo inapima nguvu. Taa ya kijani haibani kitu. Inamulika ngozi na kuangalia jinsi mwanga unavyorudi kadiri damu inavyojaa na kupungua. Kwa njia hiyo saa iliyotengenezwa vizuri huhesabu mapigo ya moyo vema, na wakimbiaji hunufaika nayo. Lakini presha ni neno lingine. Saa za Samsung zinazoruhusiwa katika nchi kadhaa kupima presha hudai kulinganishwa na mashine ya mkono kila baada ya majuma manne, maana zenyewe hazijui pa kuanzia. Saa ya dola 30 haidai chochote. Inakisia tu, na makisio yake hukaa daima mahali panapompendeza mnunuzi. Kuhusu sukari mambo ni yale yale: Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Kama huko kwenye maduka makubwa na sheria kali saa za namna hiyo zinauzwa, sisi wa pembezoni mwa soko tutegemee nini? Kiswahili kimeziita saa janja, na kwetu neno ujanja halijawahi kuwa sifa tupu.

Je, saa nyingine, iliyo ya kweli, ingetufaa? Tulijadiliana kwa haki. Saa huonyesha ujumbe ulioingia kwenye simu, mradi simu iwe karibu, hatua kumi au zaidi kidogo. Kwa mwendesha pikipiki hilo lina maana: hatoi simu mfukoni barabarani, na mwizi haioni. Ndugu yetu mwenyewe alisema hivyo, na hatukuweza kumpinga. Lakini tulipomuuliza ni ujumbe gani usioweza kungoja mpaka abiria ashuke, alifikiri, akataja mmoja tu: ule wa kumwita hospitali. Nao ulimfikia kwa simu ya kawaida, kwa kupigiwa.

Tableti ina historia nyingine. Dada yetu alikuwa na vitabu vingi vya kozi yake katika simu, kurasa zilizopigwa picha kutoka vitabu vya wengine, maana vitabu vyenyewe ni adimu. Ukurasa wa kitabu katika kioo cha simu huwa kama barabara inayotazamwa kupitia tundu la ufunguo: unasogeza kulia, unasogeza kushoto, na ukifika mwisho wa mstari umesahau mwanzo wake. Kwenye inchi 10 ukurasa wote hukaa mbele ya macho. Alituambia kwamba katika majuma matatu alisoma zaidi kuliko mwaka mzima uliotangulia. Huenda alitia chumvi, lakini kazi yake aliimaliza.

Hata hivyo tableti haikufanya yote. Alipoanza kuandika, vidole vilichoka kwa kioo, akaishia kulipa mtu mwenye kompyuta karibu na chuo. Tena tableti yake haina nafasi ya laini. Hupokea intaneti kutoka kwenye simu, na siku ya kwanza programu zake zilijisasisha zenyewe, zikameza megabaiti za juma zima kabla hajafungua hata ukurasa mmoja. Tangu hapo anapakua akiwa chuoni, kisha anazima mtandao na kusoma. Anayenunua tableti na asijifunze kuuzima mtandao wake amejinunulia deni.

Jambo ambalo hatukulitazamia ni hili: tableti haikubaki ya mtu mmoja. Simu ni kitu cha siri, huguswa na mwenyewe, hufungwa kwa namba. Tableti iliwekwa mezani. Jioni zenye umeme tuliona vichwa vinne, vitano vikiinama juu yake; wadogo wake wakifanya hesabu za Mtihani wa Serikali, sisi tukisoma somo la mkutano badala ya kulichapa kwa makaratasi. Mzee mmoja wa jumuiya, alipoigusa mara ya kwanza, alisema anaijua: ni ndugu wa ile mashine ya kupigia kura. Tulicheka, lakini ni kweli. Kwa wengi wa baba na mama zetu kioo kikubwa cha kwanza walichokigusa kilikuwa kile cha uchaguzi wa Desemba 2018. Ng'ambo ya mto, huko Brazzaville, kijana Vérone Mankou alikuwa amekwisha kuitoa tableti yake, Way-C, mwanzoni mwa 2012, ikibuniwa kwao na kuundwa China. Habari zile tulizisikia tukiwa wadogo, nasi tulidhani kwamba kabla hatujaota ndevu kila mwanafunzi wa Kongo zote mbili atakuwa na yake.

Tuligusia pia lile ambalo hakuna mazungumzo ya vifaa yanayoweza kulikwepa katika nchi hii. Mto unaopita mbele ya kanisa kuu letu huitwa Lualaba mpaka kwenye maporomoko ya Boyoma, na huko juu unakotoka ndiko kwenye machimbo ya kobalti ya Kolwezi. Karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani ni ya nchi yetu, nayo huingia katika betri za vioo hivi. Koltani ya Masisi huingia katika vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani yake. Wazazi wetu wanakumbuka siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humu mjini kwetu, na wanajua kwamba utajiri wa ardhi haukuwa mbali na sababu. Papa Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023 aliitaka dunia iondoe mikono yake juu ya Kongo. Mmoja wetu alisema kwamba basi tusinunue kabisa. Mwingine akamjibu kwamba itakuwa ajabu watu wote watumie mali yetu isipokuwa sisi. Hatukupatana, na hata leo hatujapatana. Tulichokubaliana ni kidogo: kifaa kinachotoka katika machimbo yale kisinunuliwe ili kilale ndani ya sanduku.

Kwa swali lenyewe, wengi wetu leo tunaona hivi. Mwenye simu nzuri na asiye mwanafunzi, wala mwalimu, wala katibu wa kikundi, haihitaji tableti. Mwanafunzi anaihitaji, na afadhali wawili au watatu waimiliki pamoja. Saa janja haimlazimu yeyote tunayemfahamu. Anayeipenda aivae kama pambo, na mgonjwa asiitegemee hata siku moja.

Sheria ya likelemba haikufutwa; bado hatumuulizi mtu atafanya nini. Tumeongeza kwamba anayetaka shauri analipata kabla ya kununua, na kwamba kila mwezi kila mtu aongeze faranga 1000 kando ya dola zake. Katika kisanduku hicho tulinunua mashine ya presha ya kufunga mkononi, inayotumia betri za tochi. Jumapili baada ya Misa mwanauuguzi wetu hukaa nayo chini ya mwembe, na akina mama hupanga mstari.

Mama wa ndugu yetu huwa wa kwanza. Huletwa kwa toleka, maana pikipiki zinamtia hofu tangu siku ile. Hutoa mkono wa kushoto, na saa nyeusi bado iko juu yake. Waya wake ulipotea tangu Pasaka; haiwaki tena. Tulipomwomba aivue, alikataa. Alisema mtoto wake alimpa kwa moyo mwema, na kwamba sasa, ikiwa imenyamaza, ni bangili nzuri.