Bomba la Babu

Kijiweni kwetu Manzese wananiita Mwandishi. Jina hilo nilijipa mwenyewe nilipomaliza kidato cha nne, na mpaka leo riwaya yangu haijavuka sura ya tatu. Nikikwama nafungua daftari jipya, naanza upya. Nakueleza haya, ndugu msomaji, ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeshika sululu siku ile.

Nyumba yetu ni ya babu. Aliijenga miaka ya 1970, enzi zile serikali ilipoamua kuiboresha Manzese kwa mkopo wa Benki ya Dunia badala ya kuibomoa. Vyumba sita, wapangaji wanne, choo kimoja uani. Katikati ya jiji yapo mabomba makuu ya majitaka, lakini huku kwetu kila nyumba na shimo lake. Kutoka kwenye sinki la choo hadi shimoni babu alilaza bomba la udongo wa kuchoma, akafukia. Tangu hapo hakuna aliyelikumbuka.

Masika yaliyopita choo kikaanza kurudisha maji. Ukimwaga ndoo, maji yanazunguka, kisha yanapanda. Baba mdogo akazibua kwa waya; siku mbili, kikaziba tena. Halafu udongo karibu na ukuta wa jirani ukawa haukauki hata jua likiwaka. Na nyuma ya ukuta huo kuna kisima kifupi cha yule mama.

Fundi akaja na deiwaka wake wawili, akataja bei sawa na kodi ya vyumba vitatu. Nikasema, "Nitachimba mwenyewe."

Baba mdogo akacheka. "Wewe? Kwa kalamu?"

Nilianza alfajiri, nimevaa mabuti ya mpira na glavu za kuazima. Kwenye futi mbili sululu ikagonga kitu kikalia kama chungu. Vilikuwa vipande tisa, kila kimoja futi mbili, vimeunganishwa kwa saruji. Udongo wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Udongo wa kuchoma hauozi. Hata watu wa Babeli ya kale walikuwa na mabomba ya namna hiyo. Tatizo lilikuwa kwenye maungio. Saruji ilikuwa imemomonyoka, na mzizi wa mwembe umeingia ndani, umejitawanya kama ufagio. Uchafu wa vyumba sita ulikuwa unaishia ardhini kabla ya kufika shimoni.

Sasa choo kimefungwa, na watu hawawezi kujizuia siku mbili. Baba mdogo akasema, "Twende tukaombe kwa jirani. Mwambie tunarekebisha sakafu."

Nikaenda. Yule mama anauza vitumbua, amenijua tangu natambaa. "Karibuni tu, mwanangu," alisema, kabla hata sijamaliza ule uongo. Pembeni yake mjukuu alikuwa anasuuza vikombe kwa maji ya kisimani. Nikakumbuka mwaka 2015, mwezi wa nane, kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam, kikaanzia huku Kinondoni, na Manzese ilikuwa bado ndani ya Kinondoni. Nilikuwa mwanafunzi. Nilijua vizuri maji machafu yanafanya nini.

"Mama, nimekudanganya," nikasema. "Bomba letu limekufa. Uchafu wetu unavujia upande wako."

Akanyamaza. "Tangu lini?"

"Sijui, mama."

Akachukua ndoo mkononi mwa mtoto, akamwaga maji yote. Hakunitukana, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Chooni mtaingia," akasema. "Ila kisima hiki mtakikausha nyie na kukitia dawa."

Nikarudi kazini. Nilinunua bomba moja la plastiki la inchi 4, urefu mita 6. Kwa umbali wetu wa mita 5 na nusu lilitosha bila kuungwa katikati. Maungio yakabaki mawili tu, moja kila mwisho. Kazi ikawa mteremko. Kila mita bomba lishuke kama sentimita 2 na nusu. Kwa urefu wetu ni karibu sentimita 14. Nilipima kwa mpira wa maji kama mafundi wanavyofanya, nikatandika mchanga, nikalaza bomba.

Jioni wingu likatanda. Nikamwaga ndoo ya maji, nikamulika ndani kwa tochi. Katikati maji yalikuwa yametuama. Pale nilikuwa nimechimba kupita kiasi, nikarudishia udongo bila kuushindilia, bomba likabonyea.

"Fukia," baba mdogo akasema. "Mvua hiyo. Nani ataona?"

Nilishika chepe. Kusema kweli nilikuwa nimechoka, na mikono ilikuwa na malengelenge. Lakini mchana nilishaulizwa "tangu lini" nikakosa jibu, sikutaka mjukuu wangu naye aje aulizwe. Nikalitoa bomba. Mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi nikaanza kwa kuchota tope.

Safari hii nilishindilia, nikapima mara mbili. Nikasugua ncha kwa msasa, nikapaka gundi, nikasubiri ishike. Kisha nikaziba upande wa shimoni, nikajaza maji, nikakaa nusu saa nikitazama maungio. Hayakutoa tone. Nilipozibua, maji yakaenda yote, katikati hayakutuama tena.

Hapo nikamwita yule mama. Akainama, akapitisha kidole kwenye ungio, akakitazama. Kikavu.

"Haya," akasema. "Sasa fukia."

Kisima tulikikausha, tukakitia klorini. Ya kunywa bado anachemsha, na tumemwomba asiache. Mimi nimerudi kwenye daftari. Sikufungua jipya. Nimerudi sura ya pili, mahali ninapopajua siku zote kwamba pamebonyea, nikaparuka nikidhani msomaji hataona.