Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Sisi watu wa Pwani tumelelewa na methali: usisafirie nyota ya mwenzio. Hunijia kila ninapofikiria visiwa viwili vya Komoro, Nzwani na Maore, ambavyo Wafaransa huviita Anjouan na Mayotte.

Kati yavyo pana bahari ya kilomita 70 hivi. Dini ya watu wake ni moja, lugha zao zinaelewana, na kuna koo zenye watu pande zote mbili. Kura ya maoni ya Desemba 1974 ndiyo iliyowatenga: Maore ilitaka kubaki na Ufaransa, na Julai 6, 1975 Komoro ikajitangazia uhuru. Tangu 2011 Maore ni mkoa kamili wa Ufaransa. Fedha yake ni yuro, na katika hospitali ya Mamoudzou huzaliwa watoto wengi kuliko katika hospitali nyingine yoyote ya Ufaransa. Nzwani ina karafuu, mlangilangi na faranga ya Komoro. Mwaka 1997 ilijitenga, na 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwemo askari wa Tanzania, yakaivamia kumwondoa mtawala wake. Misitu imekatwa na mito mingi imekauka.

Ukiishia hapo, utasema Maore imeshinda. Ndivyo wanavyoona wajawazito wanaopanda boti za kwassa-kwassa usiku kuelekea huko. Tangu Ufaransa ilipoweka sharti la viza mwaka 1995, maelfu ya watu wamezama katika mkondo huo. Siwalaumu hata kidogo. Mama anayetafuta mahali salama pa kujifungulia hasukumwi na tamaa.

Lakini tuingie ndani ya Maore yenyewe. Takwimu za Ufaransa za mwaka 2018 zilionyesha kwamba asilimia 77 ya wakazi waliishi chini ya mstari wa umaskini wa nchi hiyo. Nyumba karibu nne katika kila kumi ni za mabati. Katika ukame wa 2023 maji yalitoka bombani siku moja kati ya tatu. Kimbunga Chido kilipopiga Desemba 14, 2024, shule zilifunguliwa ziwe makimbilio, lakini wengi wasio na vibali walibaki kwenye vibanda vyao kwa hofu ya kukamatwa na kurudishwa.

Hapo ndipo ninapojifunza. Maisha bora hayapimwi kwa vitu vilivyopo kisiwani, bali kwa nani anaweza kuvifikia bila woga. Mlango ulio wazi kwa mwingine na kufungwa kwako si neema yako.

Nisieleweke kwamba nasifu umaskini wa Nzwani. Udugu ni mali kubwa, ila hauzuii damu ya mzazi isimwagike. Viongozi wa Komoro wana deni la wodi za uzazi zenye dawa, umeme na wakunga. Ufaransa nayo ina deni la utu kwa kila anayeishi chini ya bendera yake, mwenye karatasi na asiye nazo.

Nawe msomaji, kabla hujayatamani maisha ya ng'ambo, iwe Maore, Ghuba au Ulaya, usiulize tu kuna nini huko. Uliza wewe utakuwa nani ukifika.