Mwangwi na Ramani

Ramani ni mali ya thamani, lakini haina macho. Huonyesha nchi ilivyokuwa siku ilipochorwa, wala haina habari ya yaliyotokea baadaye. Sisi watu wa Same twalijua jambo hili kwa uchungu. Mwezi wa Novemba 2009, mvua ilipozidi, mlima uliporomoka katika kijiji cha Goha, Upare Kusini, ukaua watu zaidi ya 20. Ramani iliyokuwa kabatini haikutikisika. Nchi ndiyo iliyohama.

Ubongo nao una tabia kama hiyo. Siku hizi, kabla ya upasuaji, kichwa cha mgonjwa hupigwa picha kwa mashine ya sumaku, kisha kompyuta huzilinganisha picha hizo na kichwa chenyewe kilicho mezani. Kamera hufuata chombo alichoshika daktari, na kioo humwonyesha ncha yake ilipofika, asipotee kati ya uvimbe na mishipa. Ni msaada mkubwa. Lakini fuvu likifunguliwa, maji yanayouzunguka ubongo hutoka. Uvimbe ukiondolewa, pengo hubaki. Na ubongo hushuka kwa milimita kadhaa, pengine zaidi ya 10. Ramani ya asubuhi huwa imezeeka kabla ya adhuhuri. Basi daktari hutumia ultrasaundi, ambayo hupeleka mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, hupokea mwangwi wake, na huchora picha ya wakati ule ule. Mtoto wa Upare anayeita ng'ambo ya bonde na kuungoja mlima umjibu anaijua kanuni hiyo.

Hata hivyo, mfupa ni ukuta mgumu kwa mwangwi. Mwaka 1942 Karl Dussik, daktari wa Austria, alieleza jinsi ya kutazama ubongo kwa sauti kupitia fuvu. Miaka kumi hivi baadaye ilidhihirika kuwa alichokiona kilitokana zaidi na mfupa wenyewe. Sauti hutaka mlango. Kwa mtu mzima mlango hufunguliwa na mpasuaji. Kwa mtoto mchanga maumbile yameuacha wazi, nao ni utosi.

Mlango huu naujua kwa habari za nyumbani kwetu. Mpwa wangu alijifungua mtoto huko milimani, na kichwa cha mtoto kikaanza kukua kupita mwili. Majirani walikuwa na maelezo mengi. Wengine walitaja laana. Mkunga mzee alipitisha kidole utosini, akauona umetutumka.

"Mwanangu," akamwambia, "usingoje mavuno. Teremka na mtoto kesho."

Waliteremka. Ultrasaundi ile ile iliyozoea kutazama mimba iliwekwa juu ya utosi, na maji yakaonekana yamejaa katika vyumba vya ubongo. Walipewa barua ya rufaa, mtoto akapasuliwa, na leo anasoma.

Hekima ya kutibu maradhi haya haikosekani Afrika Mashariki. Huko Mbale, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Benjamin Warf alistawisha njia ya kuyafungulia maji mkondo ndani ya ubongo, hata watoto wengi wasihitaji kuachiwa mpira mwilini maisha yao yote. Kinachokosekana mara nyingi ni kuwahi. Utosi hujifunga, kwa kawaida kabla ya miaka miwili, wala haumngojei asiye na nauli.

Sisemi kwamba mitambo mikubwa ya kumwongoza mpasuaji ni anasa. Mwenye uvimbe kichwani ana haki ya kupata mwongozo ulio bora. Nasema kwamba chombo kinachoisahihisha ramani katika vyumba vya upasuaji vya matajiri ni ndugu wa chombo kilichomo tayari katika hospitali nyingi za wilaya. Kinahitaji mkono uliofundishwa na mama aliyeambiwa mapema. Tukifundisha mikono hiyo, na tukiwaheshimu wakunga wanaojua kugusa utosi, tutakuwa tumewaokoa wengi kabla mlango haujafungwa.