Saba Saba na Wenyewe

Katika zama za utoto wetu huko Muheza, mzazi akiulizwa umri wa mwanawe aghalabu hakutaja tarehe, bali alitaja mwaka wa njaa, au wa mafuriko, au wa kuja kwa mtu mashuhuri, na kwa sababu hiyo wengi wa rika langu siku yao ya kuzaliwa hawaijui asilani. Ndugu yangu wa kike, tuliyeachiana ziwa, alisalimika kwa bahati moja tu: alizaliwa Saba Saba, siku ambayo haikuweza kumpotea mama, kwani skuli zilikuwa zimefungwa, ngoma zinalia, na vijana wa TANU wanapita barabarani na mashati yao ya kijani.

Wakati huo hapana aliyehitaji kuelezwa maana ya siku yenyewe. Mnamo 7 Julai 1954, katika nyumba moja ya Dar es Salaam, kwenye mtaa uitwao leo Lumumba, wajumbe wa chama cha TAA, kilichokuwapo tangu 1929, walikigeuza chama chao kuwa TANU na kumkabidhi uongozi Julius Nyerere, aliyekuwa bado mwalimu wa Pugu. Waasisi wanaotajwa katika taarikhi ni 17, nami kila niyasomapo majina yao hukaa zaidi kwenye mawili. La kwanza ni la Japhet Kirilo, ambaye, baada ya Wameru kuhamishwa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951 ili wapewe walowezi, alitumwa na watu wake mwaka uliofuata kwenda kushtaki mbele ya Umoja wa Mataifa. La pili ni la Saadani Abdu Kandoro, mshairi mwenye lugha tamu na hoja nzito, aliyeitumia kalamu yake kudai uhuru. Mtetezi wa ardhi na mtunga mashairi walikaa chumba kimoja, na yaliyokuja kuisibu tarehe hiyo baadaye yote yamo ndani ya watu hao wawili.

Kwani baada ya uhuru siku hiyo ilifanywa kuwa Sikukuu ya Wakulima, na sisi watoto wa vijijini tuliiona kuwa yetu hasa, maana wazee wetu walileta mihogo, machungwa na nazi zao walizozichagua moja moja, zikatandazwa uwanjani zitazamwe na wakubwa wa serikali. Kisha, mwaka 1977, TANU iliungana na Afro-Shirazi ya Zanzibar, na chama kipya kikazaliwa 5 Februari, tarehe iliyoasisiwa Afro-Shirazi mwaka 1957 na kutangazwa Azimio la Arusha mwaka 1967. Tarehe hiyo ya Februari ikatwaa heshima yote ya chama, na Saba Saba ikabaki mfano wa nyumba iliyohamwa na mwenyewe. Wafanyabiashara wakaingia: maonyesho ya kimataifa ya Barabara ya Kilwa yakakua mwaka hata mwaka, na katika miaka ya 1990 wakulima wakapewa siku nyingine, Nane Nane. Sina ugomvi na biashara, wala Nane Nane si haba. Lakini naona mkulima alinyang'anywa kitu, kwa kuwa siku ile ilimfungamanisha na kuzaliwa kwa uhuru wenyewe.

Jirani zetu wa Kenya nao waliipa tarehe hiyo damu na machozi. Tarehe 7 Julai 1990 wananchi walikusudia kukutana Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikwisha kutiwa kizuizini siku chache kabla, polisi wakautawanya umati, na watu wakapoteza maisha. Mwezi wa Desemba mwaka 1991 kifungu cha sheria kilichokataza vyama vingine kikafutwa. Tangu hapo neno Saba Saba likitamkwa Nairobi huamsha fikra za maandamano, ilhali Dar es Salaam huamsha fikra za mabanda ya bidhaa.

Hatimaye, tarehe 23 Novemba 2021, UNESCO, katika mkutano wake mkuu mjini Paris, iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na hapana lugha nyingine ya Afrika iliyopata kutunukiwa hivyo kabla yake. Nilifurahi furaha kubwa. Tarehe haikuokotwa: ilichaguliwa kwa ajili ya TANU, ambayo iliwakusanya Mmeru, Mmanyema na Mzaramo kwa lugha hii moja, na ile kazi ya Kandoro ikapata malipo yake.

Ya Kirilo bado. Walimu mtakaowapanga wanafunzi kughani mashairi Julai ijayo, wasomeeni pia habari za Engare Nanyuki, na mkulima mmoja wa jirani na shule yenu aalikwe akae mbele, pamoja na wageni wa heshima.