Safari ya Bungoma kusaka printa ya picha

MATATU iliyonibeba kutoka Kitale ilikuwa imejaa pomoni, nami nilikuwa nimebanwa dirishani, mfukoni nikiwa na futi ya fundi wa nguo. Futi hiyo aliniagiza dada yangu mkubwa, aliyeolewa Bungoma.

"Usije mikono mitupu, ndugu yangu," alikuwa ameniambia kwa simu. "Njoo na futi tupime meza kwanza, ndipo twende dukani."

Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika, naye aliamua kununua printa ya kutolea picha nyumbani. Huenda ukauliza, msomaji, kwa nini mama mwenye watoto watatu atumie pesa hizo kwa mashine ya picha ilhali simu zimejaa picha tele. Jibu ni kwamba simu ndiyo iliyomtia hasara.

Kwa Wabukusu, wavulana hupashwa tohara Agosti ya miaka ya shufwa. Mvulana huvishwa shanga, akazunguka kwa jamaa akipiga kengele za chuma ziitwazo chinyimba, na kwa wajomba zake hakosi kufika. Alfajiri ya siku yenyewe hupakwa matope mtoni, kisha akarudishwa nyumbani kwa wimbo wa Sioyaye.

Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya kifungua mimba wa dada. Alipofika kwetu, marehemu baba alisimama naye mbele ya nyumba, mkono begani mwa mjukuu. Picha zote zilikuwa katika simu ya shemeji, na simu hiyo iliibwa kabla ya Krismasi. Mwaka uliofuata baba akatuaga. Ikabaki picha moja tu, aliyotuuzia mpiga picha wa mitaani. Dada aliitolea nakala kwa printa ya jirani, akaitundika mkabala na dirisha. Haukuisha mwaka kabla uso wa baba haujaanza kufifia.

Haya niliyawaza tukiipita Kiminini. Kitale niliyoiacha nyuma inajua thamani ya kuhifadhi. Jumba lake la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 1974, lilitokana na mkusanyiko wa mtu mmoja, mlowezi Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege, vitabu na vyombo vya kienyeji. Vitu vya nyumbani mwa mtu vikitunzwa, kesho huwa historia ya wengi.

Upande wa kulia Mlima Elgon ulikuwa umejifunika mawingu. Tulipita Kamukuywa, Misikhu na Lugulu, tukaingia Webuye. Hapa ndipo penye kiwanda cha karatasi cha Panpaper, kilichoulisha mji huu tangu miaka ya 1970 hadi kilipofungwa mwaka 2009. Wasafiri wa zamani wangali wanakumbuka harufu iliyowakaribisha kabla hawajauona mji wenyewe. Nikajisemea kuwa safari ya kwenda kununua printa imenipitisha mahali panapofaa.

Kutoka Webuye tulifuata barabara ya Malaba hadi Kanduyi, karibu na uwanja wa Masinde Muliro, tukakata kuingia mjini. Dada hakunipa hata nafasi ya kumaliza chai. Futi ikatoka, meza ikapimwa. Ni meza hiyo hiyo watoto wanayofanyia kazi za shule, na pembe iliyobaki ilikuwa sentimita 45 kwa 40.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza. Vipimo vilivyoandikwa kwenye katoni ni vya printa iliyofungwa. Ukiitumia, karatasi huingilia juu kwa nyuma na kutokea mbele, na kifuniko cha skana hufunguka kwenda juu. Yahitaji nafasi zaidi ya kiwiliwili chake, na isiwekwe chini ya rafu iliyo karibu.

Dukani tulionyeshwa aina tatu. Ya kwanza ilikuwa printa ndogo ya katriji, yenye bei ya kuvutia macho.

"Mama, hii ndiyo rahisi kuliko zote," kijana wa duka akasema.

"Na wino wake je, mwanangu?" dada akamuuliza. Kijana akacheka. Katriji zake ni ndogo, hazichukui muda kuisha, na ukizinunua mara chache tu umeshalipa bei ya printa nyingine. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Ya pili ilikuwa mashine ya kiganjani ya picha tupu, jamii ya Canon SELPHY. Hii haitumii wino wa maji. Ina utepe wa rangi tatu na tabaka la kukinga, hivyo karatasi huingia na kutoka mara nne kabla picha haijakamilika. Picha hutoka kavu, na gharama yake huijua mapema kwa sababu utepe na karatasi huuzwa pamoja. Lakini haitoi picha kubwa kuliko kadi ya posta, sentimita 10 kwa 15, wala haiwezi kuchapa kazi ya shule.

Ya tatu ilikuwa printa ya tangi, ambayo wino wake humiminwa kutoka chupani. Bei yake ilikuwa juu, lakini chupa moja huchapa maelfu ya kurasa. Nyingi za nyumbani hutumia rangi nne. Baadhi ya zile za picha hasa huwa na sita, zikiongezewa samawati hafifu na waridi hafifu ambazo hulainisha ngozi ya uso.

Tulitoka nje kupiga hesabu nyuma ya risiti. Tuseme printa ni shilingi 27,000. Tuseme picha moja mjini ni shilingi 50, na nyumbani karatasi na wino ni 20. Kila picha inaokoa shilingi 30, kwa hiyo yahitajika picha 900 ili kurudisha pesa. Dada alikadiria picha 150 kwa mwaka. Ingekuwa miaka sita!

"Basi turudi nyumbani," akasema kwa huzuni.

Nikamkumbusha kazi za mtaala wa CBC, ambazo humtuma kwa duka la kuchapisha karibu kila wiki, kwa watoto watatu. Tulipozijumlisha, miaka sita ikapungua ikawa chini ya mitatu. Kisha nikamwonyesha kile ambacho mashine ya kiganjani haina: skana. Kwa skana, ile picha moja ya baba ingeweza kuzaa nyingine.

Akanunua printa ya tangi yenye rangi nne na skana, pamoja na pakiti ya karatasi ya picha yenye uzito wa gramu 200 kwa mita ya mraba. Kijana alituonya tusiiache miezi bila kazi, kwani wino hukauka katika matundu yake membamba. Ukurasa mmoja wa rangi kila wiki watosha.

Jioni ile dada alifungua sanduku, akaitoa picha ya asili na kuilaza juu ya kioo kama anayemlaza mtoto. Tuliisoma kwa vitone 600 kwa inchi ili isipoteze chochote, tukaituma kwa ndugu zetu wote, wa karibu na wa mbali. Nakala ya kutundika tulikubaliana itolewe studio mjini, kwenye mashine ya rangi sita, itiwe kioo, na safari hii isikae mbele ya dirisha. Wino wa picha na jua havipatani.

Mpwa wangu mdogo alisimama kando akitazama karatasi ikitoka polepole: paji la uso kwanza, kisha macho, kisha ule mkono begani mwa kaka yake.

"Mjomba," akaniuliza, "nikija kwenu na kengele zangu, nani atasimama na mimi?"

Nikamwambia nitasimama mimi, na picha yetu itatolewa usiku huo huo.