Samaki wa Milia wa Cape Cod

Leo twende pamoja hadi pwani ya mashariki ya Marekani, katika jimbo la Massachusetts. Hapo nchi imejitokeza baharini kama mkono uliokunjwa kiwikoni. Ndiyo rasi ya Cape Cod. Baridi kali ikiisha, huja huko samaki mkubwa wa rangi ya fedha, mwenye milia myeusi saba au minane ubavuni. Mmoja aliyevuliwa jimbo jirani la Connecticut mwaka 2011 alikuwa na uzito wa kilo 37, yaani kama mbuzi mzima.

Watazame wavuvi wake. Wengi hawatupi ndoana na kungoja, bali huikokota nyuma ya mashua, kwa mwendo wa mtu atembeaye bila haraka. Samaki huyu hupenda kukaa chini penye miamba, na mshipi wa kawaida ukikokotwa hupanda juu. Kwa hiyo hutumia mshipi uliosukwa, wenye uzi wa risasi ndani yake. Rangi yake hubadilika kila yadi 10. Mvuvi akiuachia huhesabu rangi, akajua umekwisha ingia kiasi gani. Mwishoni hufunga uzi mwangavu, maana samaki ana macho.

Chambo chao ni kipande cha mpira chenye tundu, kirefu, kilichopindwa kidogo. Kikikokotwa huzunguka kama mkunga aogeleaye. Kwenye ndoana ya nyuma hutungwa mnyoo wa pwani, ili harufu imalize kazi iliyoanzwa na macho. Kati ya uzi na mpira hutiwa kiungo cha chuma kizungukacho. Pasipo hicho mshipi wote hujisokota. Mashua ikienda mbio, chambo huzunguka ovyo na samaki hukipuuza. Upole ndio ufundi wenyewe.

Zamani samaki hawa walikuwa tele hata watu wakawafanya mbolea. Mwaka 1639 serikali ya Massachusetts ilikataza jambo hilo. Mwaka 1670 koloni la Plymouth lilitenga mapato ya uvuvi wa Cape Cod, samaki wa milia akiwamo, kwa ajili ya shule isiyo na ada. Hivyo samaki aliwasomesha watoto!

Lakini wengi wao huzaliwa mbali kusini, katika mito iingiayo ghuba ya Chesapeake, na jike hukaa miaka mingi kabla ya kutaga. Kuanzia miaka ya 1970 walipungua vibaya. Mwaka 1985 jimbo la Maryland likapiga marufuku kuwavua, na wavuvi wakatundika mishipi yao hadi mwaka 1990. Mwaka 1995 ilitangazwa kwamba samaki wamerudi. Watu wakajisahau, mwaka 2019 ikaonekana wamevuliwa kupita kiasi tena. Kanuni ya mwaka 2023 ilimruhusu mvuvi wa kitoweo baharini samaki mmoja tu kwa siku, mwenye urefu wa sentimita 71 hadi 79. Wadogo na wazazi wakubwa warudi majini wakiwa hai.

Basi wewe ukaaye kando ya ziwa au mto, kufunga ndoana waweza kufundishwa kwa siku moja. Kumrudisha majini samaki mwenye mayai, na nyumbani watoto wanangoja kitoweo, hilo ndilo somo gumu. Watu wa Maryland walilisoma kwa miaka mitano bila samaki. Je, sisi tungoje tufundishwe na maji matupu?